Jina la Mama Yangu Liitwe Mlangoni

Montesalvo, Basilikata
9 Novemba 1961

Mpendwa mama mdogo Assunta,

Hujambo huko Montevideo? Magoti yanakusumbua bado, au joto la huko limeyatuliza? Huku baridi imeshaanza. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyoni nimekwisha.

Nimejifungua, mama mdogo. Msichana, mwenye pua ileile ya dada yako. Daktari amesema ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Desturi yetu unaijua: binti wa kwanza ni jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Sasa huyo wa pili nitamtoa wapi? Na mama tumemzika Februari.

Ujauzito mzima nilikuwa nikipanga majina huku nakanda mkate. Addolorata Ermelinda. Maria Ermelinda. Ermelinda Addolorata, la mama likitangulia la mama mkwe, nililisema kimoyomoyo tu. Mwisho nikamwomba mama mkwe: la kwako litangulie, la mama lifuate nyuma. Akacheka.

"Eti majina mawili! Huyo mtoto au punda wa mizigo? La mama yako limeshalala, liache lipumzike."

Ni la kizamani, najua. Wasichana wa siku hizi ni Patrizia na Loredana. Lakini ndilo la mama yangu, jamani!

Mume wangu Donato aliniapia ataandikisha yote mawili. Mimi nilikuwa bado kitandani. Akarudi kutoka manispaa, hata kofia hakuvua.

"Mama alinifuata mpaka mezani kwa karani, Graziella. Ningefanyaje?"

Addolorata, basi, peke yake. Jumapili kabatizwa hivyohivyo, nami sikuwepo, maana mzazi hatoki kabla ya siku arobaini. Nimelia mpaka maziwa yamepungua.

Sikuombi kitu ila barua. Juu ya bahasha usiandike jina langu. Andika Ermelinda Lovaglio. Rocco tarishi bado husimama katikati ya barabara na kuita kila jina kwa sauti, na mama mkwe atakuwa dirishani kama kawaida yake. Ikifika, arobaini itakuwa imekwisha. Liitwe hata mara moja tu, nitoke na mtoto mikononi, niitikie.

Nisalimie baba mdogo Vito na binamu Nunziata. Bikira awafunike kwa joho lake.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mama Ermelinda