Umepumzishwa, Hukufukuzwa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Kanga hatujambo. Bibi yako ana kikohozi na maneno yake mengi, na huyu mdogo wako kaota jino, ananing'ata.

Umeniuliza utamwombaje Mungu amponye kichanga wako huko hospitali, nawe umo ndani ya arobaini ya uzazi, huswali. Hata mimi nilipomzaa Hamisi, akawa hanyonyi, niliona mlango umefungwa. Nikawa nalia tu. Bibi yako akaingia.

"Walia nini badala ya kuomba?"

"Mama, sina twahara."

"Lo! Swala umepumzishwa kwa kuwa umetoka kuzaa. Dua nani kakukataza? Au mdomo nao umezaa?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikasema, "Ya Rabbi, nimechoka, nisaidie." Hamisi hakunyonya siku ile. Ila nilipata nguvu ya kumkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko, mpaka siku ya nne akashika ziwa mwenyewe.

Basi omba hapo hapo kitandani, mama. Ukishaomba, ulale. Aliyekusamehe swala aliuona uchovu wako kabla hujamwambia.

Mama yako mdogo,
Mwanaidi