Kuhusu Neno "Tumepiga" na Bango Lililo Dunga

Kwa Kaka yangu mkubwa, Odera,
Ufuo wa Dunga, Kisumu.

Kaka mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Pennsylvania, Amerika. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mama anakunywa dawa zake bila kubembelezwa. Mimi ni mzima wa mwili. Madhumuni ya barua hii ni kukuomba, kwa unyenyekevu unaomstahili kifungua mimba wa nyumba yetu, uliondoe bango lenye picha yangu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Naomba nilieleze jambo hili tangu mwanzo, lisije likapotoshwa tena.

Siku ya uchaguzi uliopita wa rais nilikuwa kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilipewa jukumu la kumpeleka Mzee Walter kupiga kura katika ukumbi wa kanisa lililo karibu. Yeye hatembei, mimi ndimi ninayesukuma kiti chake. Nilibaki mlangoni. Alipotoka alikuwa na stika ndogo ya duara, ambayo huku hupewa aliyepiga kura, kwa kuwa hawachovyi kidole katika wino kama sisi. Akaibandua shatini mwake, akaibandika kifuani pangu. "Miguu ilikuwa yako, rafiki yangu," alisema. "Chukua." Tukapigwa picha, naye akicheka.

Picha hiyo niliituma kwenu na maneno mawili: "Tumepiga kura." Kaka, unajua ninavyojivunia Kiswahili changu, nilichojifunza mwenyewe kwa kamusi ya kuazima baada ya kuacha shule. Kwa "tu" nilikusudia nyumba yetu ya wazee kwa ujumla wake. Sikujikusudia mimi. Mimi si raia; nina kibali cha kuishi na kufanya kazi. Mgeni akipiga kura huku, anaweza kunyang'anywa kibali hicho na kurudishwa kwao.

Ukanipigia simu siku hiyo hiyo.

"Wee Okoth! Na wino iko wapi?"

"Huku hakuna wino, Kaka. Wanatoa stika."

"Kumbe stika ndiyo wino yao! Mama, kuja uone, mtoto wako amepiga kura Amerika!"

Nilimsikia mama akipiga vigelegele. Nikacheka. Hapo ndipo kosa langu lilipo, nami ninalikiri: nilicheka badala ya kusema hapana.

Kisha matokeo yakatoka. Jimbo hili lilimpa ushindi mgombea aliyeahidi ukali kwa wageni, ambaye katika uchaguzi wa kabla ya huo lilikuwa limemnyima. Huku anayeongoza jimboni, hata kwa tofauti ndogo, hubeba jimbo zima. Ninyi mkadhani kila mtu wa jimbo hili alimpigia yeye, kama kwetu, ambako kabla sanduku halijafunguliwa kila mtu anajua jirani yake amemchagua nani. Hapa sivyo. Mzee Walter na mwenzake wa chumba walipingana, na chai wakainywa meza moja. Lakini Mama Apiyo, anayekaanga samaki hapo ufuoni, alinitumia ujumbe wa sauti: "Okoth, kumbe ni jimbo yako imetuletea huyo mtu! Umejipigia kura ya kujifukuza!" Nyuma yake wanawake waliangua kicheko. Nami nikacheka tena, kwa adabu.

Sasa nimeomba uraia, ili mke wangu Achieng', anayenisubiri Kombewa kwa mwaka wa sita, aje bila kucheleweshwa zaidi. Fomu inauliza kama nimewahi kupiga kura katika nchi hii. Nimejibu hapana, na ni kweli. Baadaye wewe ukagombea uenyekiti wa kamati ya ufuo, ukachapisha bango: mimi, stika kifuani, na maneno, "Chagua Odera. Mdogo wake amepiga kura Amerika." Watu wamelisambaza mtandaoni pamoja na jina langu kamili. Wakili wangu aliitazama picha hiyo kwa muda, akauliza, "Afisa atakuamini wewe, au hii?"

Nimekwama, Kaka. Nikienda kwenye usaili wa uraia, huenda nikaitwa mwongo. Nikiliondoa ombi, Achieng' atabaki huko. Nikija kulishusha bango mwenyewe, wakili anasema huenda nisiruhusiwe kurudi. Kazini mlango wa mbele ukigongwa, nasimama nyuma ya kabati la mashuka mpaka nijue ni nani.

Juzi uliniambia, "Nikitoa hiyo bango, Dunga yote itasema nilidanganya." Nakuelewa. Lakini uliwadanganya, nami nilikusaidia kwa herufi mbili.

Msalimie mama, na shangazi yetu wa kwaya. Mama Apiyo mwambie kicheko chake kilinifikia salama. Achieng' ameniuliza kwa nini sikuandika "amepiga". Mwambie swali lake ni sahihi kisarufi, na kwamba sijapata usingizi mzuri tangu aliulize.

Usaili ni mwezi ujao. Ninachoomba ni uamuzi. Je, utalishusha bango na kutamka mbele ya watu wa ufuo kwamba sikupiga kura, au niliondoe ombi la uraia? Tafadhali amua, unijulishe.

Mdogo wako mtiifu, ambaye hakupiga kura,

Okoth