Koti Ulilolichana Mikono

Nyumbani, nyuma ya karakana ya kushonea
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafuu, na wifi na watoto hawajambo. Huku Mama anakohoa kidogo. Mimi nachemka kwa hasira.

Kifurushi chako kimefika. Nilikifungua mbele ya wanawake wote wa karakana, nikidhani umerudisha fomu yangu ya ndoa ikiwa na sahihi yako. Nikakuta koti limechanwa mikono na kukatwa vifungo, na fomu tupu. Hata salamu kwa Mama hukuandika! Umeniaibisha, Kaka.

Koti hilo nililokutumia umelivaa miezi mitatu. Wewe uliyenifundisha kushika sindano uliniandikia kwamba umefumua bitana ili uone mishono, ukauliza ni fundi gani huyo, maana mkono kama ule siku hizi haupatikani. Nami, kichwa kikanivimba kwa sifa, nikakujibu ukweli: ni Sindano, yule mateka mwembamba wa upande wa pili aliyeletwa kushona sare zetu, na ndiye ninayempenda. Basi mishono ikaharibika siku hiyo hiyo?

Najua utanitajia mdogo wetu aliyeuawa na watu wa upande wake. Usithubutu. Alipoletwa kutoka vitani ulikuwa mbali, sikulaumu kwa hilo. Nilikaa nishone sanda, nikashindwa hata kutia uzi. Sindano ndiye aliyeishona, huku machozi yanamtoka. Sisi hukata uzi kwa meno. Yeye aliomba mkasi, kwa sababu kwao kuuma uzi wa sanda ni kumkosea marehemu. Mama alikuwa ameketi pale pale. Tangu siku hiyo humwita mwanangu, ingawa lugha yetu anaivunjavunja mpaka tunashika mbavu.

Vita vimesimama, na mateka wanarudishwa kwao Ijumaa. Aliye na ndoa anaruhusiwa kubaki, ila mkuu wa familia ya mwanamke atie sahihi. Tangu Baba afariki, mkuu ni wewe. Ulilijua hilo ulipokuwa unachana koti.

Mama aliitazama fomu tupu, kisha akalitazama koti.

"Mkuu wa familia ndiye huyu wa kwenye kifurushi?" akauliza. "Nileteeni wino."

Akatia dole gumba. Afisa alisitasita, lakini Mama hakuondoka mlangoni pake mpaka muhuri ukagongwa. Tunafunga ndoa Alhamisi.

Sindano amelishona koti upya. Nilimwambia alivae yeye siku ya ndoa, akakataa, akasema ni la shemeji yake. Limetundikwa nyuma ya mlango, mikono yote miwili ipo. Sitalituma. Njoo ulichukue mwenyewe, umtazame usoni aliyekushonea.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akulinde, akupe moyo laini kuliko hicho kichwa chako.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo,
Fundi wa cherehani ya dirishani