Kahawa ya Marehemu Inaisha Harufu, na Mama Yake Nimemnyima

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza, na pengine nakuandikia wewe kwa sababu hiyohiyo, watu wa hapa wote wananionea huruma na huruma yenyewe imeshanichosha.

Mimi ni mjane, mume wangu alikuwa mkaangaji kahawa na mimi niko kiwanda kilekile alichokuwa yeye, upande wa kufunga kapsuli, vile vikopo vidogo unavyotumbukiza kwenye mashine kupata kikombe kimoja kimoja, ila vyetu si vya bati wala plastiki ya kawaida, ni plastiki ya mimea, ukishakunywa unatupa kwenye shimo la mboji kinaoza pamoja na makapi yake. Ndiko tulikojuana, alikuwa akipita mezani kwangu na kiganja cha buni za moto ananiambia nusa hizi, nami najifanya nina kazi, kumbe moyo unadunda! Tukaoana, na hata nyumbani hakuacha, Jumapili anakaanga zake nyuma ya jikoni, anazipeleka mbali karibu na kuungua mpaka zinatoa harufu kama sukari iliyoshika chini ya sufuria, kiwandani wangemfukuza kwa kukaanga vile, lakini kwetu hiyo ndiyo ilikuwa kahawa.

Jumapili moja nikaja na kapsuli za majaribio na ile mashine ndogo ya mkono ya kubania vifuniko, tukasaga, tukajaza, nikafunga. Nilitaka tutumie za bati maana zinazuia hewa zaidi, hizi za mimea zinapumua kidogo, ndiyo sababu lazima zikae ndani ya mfuko mzito uliofungwa kabisa. Yeye akanicheka, "Kahawa siyo urithi, mke wangu, unamwekea nani? Inywewe iishe nikaange nyingine." Basi hakukaanga nyingine, wiki ileile homa ikamshika, tukadhani ni uchovu, hospitali akaingia kwa miguu yake na hakutoka.

Mfuko ule ninao, nimeuficha kabatini chini ya mashuka, na ingawa mashine ya kahawa ipo jikoni sijanywa hata kapsuli moja. Kila jioni nikitoka kazini nafunga mlango wa chumba, nafungua mfuko, naingiza uso, nanusa, na Shangazi nakuapia kwa muda kidogo yupo pale, na shati lake la kazi na mikono yake na kicheko chake, halafu naufunga upesi. Na mimi huyohuyo ndiye ninayewafundisha wafanyakazi wapya kwamba adui wa kahawa ni hewa, mfuko ukishafunguliwa usiuchezee! Sasa harufu inapungua, zamani ilinipiga usoni, siku hizi mpaka niitafute, na jana nilinusa nikasikia mashuka tu.

Lakini si hilo peke yake. Mama, yaani mama mzazi wa marehemu, naishi naye, chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja, na mwisho wa mwezi wifi yangu anakuja kumchukua kwa kuwa miguu imemlegea nami nashinda kazini. Juzi tunachambua mboga akaniambia, "Mwanangu, ile kahawa ya mwenzio haikubaki hata kidogo? Ningeonja funda moja tu kabla sijaondoka." Nikamjibu harakaharaka, "Imekwisha mama, ilikwisha siku za msiba." Akasema, "Basi," akaendelea na mboga zake. Jioni natoka chumbani namkuta mlangoni kashika ukuta, ananiambia, "Nimesikia harufu, nikadhani kaingia." Nikamwambia ni nguo zangu za kazi. Akanitazama weee, akasema, "Nguo zako naanua mimi kila siku. Zile zinanuka kahawa ya watu." Akarudi kwake taratibu.

Shangazi, je, nihamishie kahawa hii kwenye kapsuli za bati ipate kudumu? Au nimpe mama, na nikimpa nitamwambiaje kwamba nilidanganya, na ikishaisha mimi nitabaki na nini? Nina hamu na mtu huyu mpaka kifua kinauma, natamani hata aje anigombeze tu halafu aondoke zake.

Ni mimi, Mnusa Mfuko

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mnusa Mfuko. Pole sana, mwanangu. Nimesoma hapo mwisho mara mbili nikaiweka barua chini kwanza. Haya, pole yako umeipata, sasa kaa vizuri.

Ebo! Kazi yako ni kufunga kahawa, halafu unamuuliza mwanamke wa gazeti ambaye anakunywa chai? Ukiihamisha utafungua kila kapsuli, utamimina, utaipigisha hewa yote, na kitakachoingia kwenye hilo bati ni unga wa rangi ya udongo. Unalijua hilo. Umeuliza ukitumaini nitakudanganya. Tena unasema hujanywa hata moja. Umekunywa, bibie, na umekaribia kumaliza, ila umeinywa kwa pua! Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na mchwa, na yako inaliwa na hewa unayoifungulia mwenyewe.

Kumlilia mumeo sikukatazi, lia mpaka utosheke. Ila mwanamke aliyembeba mtu huyo tumboni anakuomba funda moja, unamwambia imekwisha, kisha anasimama mlangoni kwako na miguu ile mibovu akiokota harufu iliyokuponyoka! Ndiyo nini sasa? Na usijidanganye kwamba hajui. Mtu anayetofautisha nguo zako kwa pua atashindwa kuutambua uongo wako? Anajua, na amekusitiri. Angetaka kukuumbua, wifi yako angekuwa ameshapiga simu.

Kwa hiyo fanya hivi, na iwe leo. Jioni usijifungie. Utoe mfuko kabatini, upeleke chumbani kwa mama, ufungue mbele yake, anuse yeye kwanza. Mwambie, "Mama, haikuwa imekwisha, nilishindwa kuigawa." Hapo nyamaza, usimwage hotuba. Mwambie pia kwamba imeshachakaa kidogo, asije akadhani ni ulimi wake uliozeeka. Kisha mnywe wote wawili, usisimame kumtazama kama askari wa zamu. Kesho tena, na kesho kutwa, na wifi akija naye apate chake, yule alikuwa kaka yake. Kapsuli tupu tupa kwenye shimo la mboji, ndivyo zilivyotengenezwa. Na usijiwekee moja ya ukumbusho! Nakufahamu wewe, utarudi kabatini.

Umeniuliza ikiisha utabaki na nini. Hapo sikugombezi, mwanangu. Ila fikiri. Wewe ulianza kumjua akiwa na buni kiganjani. Hapo upande wa pili wa ukuta yupo anayemjua tangu hajajua kahawa ni kitu gani, ana meno mawili, anakimbia kuku, analia akivuliwa shati. Miaka yote hiyo ya mumeo hujapata kuionja, nayo inaondoka mwisho wa mwezi ndani ya gari la wifi yako, wakati wewe umejifungia chumbani unanusa mashuka.

Washa hiyo mashine ya kahawa, umwite mama, na kikombe kikishakuwa mkononi mwake muulize mwanawe alikuwa mtoto wa namna gani.