Ukimya wa Mwali

Mtoni, Alhamisi, Mei 1974

Kumbe Bi Tatu alijua tangu mwanzo. Yeye ndiye somo wa Zuhura wangu. Mwanangu alipovunja ungo nilimkabidhi kwake, awekwe ndani na kufundwa, na kwa desturi yetu mama mzazi haingilii. Kila nikiuliza alinijibu, "Mwanao katulia, hasemi na mtu. Mwali hasa huyo." Nikafurahi, nikampa doti ya khanga.

Leo nimeingia bila hodi. Zuhura ameuelekea ukuta, ananong'ona na baba yake tuliyemzika mwaka jana. Wali wa jana haujaguswa.

"Huzungumza naye kila siku," Bi Tatu akasema. "Nilinyamaza, shoga yangu, posa yake isije ikavunjika."

Zuhura huyu alikuwa akicheka mpaka ashikwe na kwikwi. Na mie ugonjwa wake nikauita adabu.

Nimemrudisha nyumbani. Posa na ivunjike, kesho tunakwenda hospitali.

Jioni nilimuuliza Zuhura baba yake anamwambia nini.

"Anauliza ulikuwa wapi."