Nilimsema Mama Mkwe Fangasi Wakiwa Kichwani, Sasa Najifanya Nimesahau

Shangazi, nisome mpaka mwisho kabla hujacheka. Mimi ni mwoka mikate, nina mke na binti mmoja, na mama mkwe wangu alikuja kututembelea wiki mbili, sasa ni mwaka wa tatu, na muda wote huo sijawahi kumjibu neno, maana mkwe ni mkwe, hata akinihamishia viti na kuimba asubuhi nzima akiosha vyombo mimi nasema tu "Ahsante, mama," na kwenda kazini.

Miezi minne iliyopita nilianza kuumwa kichwa, nikameza dawa za maumivu wiki tatu, mke wangu akadhani ni joto la tanuri, mimi nikadhani ni macho, mama mkwe peke yake ndiye aliyekataa, siku aliponikuta natia chumvi kwenye chai huku nimevaa kiatu kimoja cha mke wangu na kubisha kwamba ni changu. Akanikokota hospitali, wakanitoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo. Daktari akauliza natumia dawa gani, nikataja zile za maumivu ya viungo nilizokuwa nikijinunulia dukani kwa miezi minane, akasema hizo ndizo zilizoshusha kinga yangu, kwani fangasi hao wamo kwenye vumbi, wengi tunawavuta na wala hawatufanyi kitu.

Sasa aibu yenyewe. Siku ya tatu wodini, akili imehama, nilikaa kitandani nikamwambia mama mkwe mbele ya wagonjwa wote kwamba anaimba kama bawaba kavu, kwamba wiki mbili zake hazina kalenda, na viti vyangu avirudishe.

Nesi akamwambia, "Usimjali, mama, huo ni ugonjwa ndio unaoongea."

Mama mkwe akajibu, "Ugonjwa haujawahi kulala kwetu. Huo ugonjwa umejuaje kwamba naimba?" Kisha akaendelea kuninywesha uji.

Nilipopona nikasema sikumbuki chochote, lakini nakumbuka yote, Shangazi. Tangu nirudi nyumbani haimbi, viti vimerudi, na ananiambia "tafadhali," jambo linaloniumiza zaidi. Yeye ndiye hunisindikiza kliniki, tunakaa benchi moja saa nzima kimya, nikashindwa kuvumilia, nimedanganya mara mbili kwamba kliniki imeahirishwa. Vidonge vinaisha Alhamisi na jana kichwa kilikuwa kizito kidogo. Je, niendelee kusahau?

Mwoka Mikate

*

Mwoka mikate, nimecheka, nimemaliza, sasa nisikilize wewe. Umejaza kurasa mbili kwa viti na nyimbo, halafu kichwa kizito umekiweka mkiani. Hilo si jambo la kuandikia gazeti. Ndiyo maana sikungoja siku ya kuchapa, nilipiga namba uliyoacha, na aliyepokea ni mama mkwe wako.

Sikumwambia ulichoandika. Nilisema tu upelekwe kliniki leo hii.

Akauliza, "Amekuandikia habari za kuimba kwangu?" Nikarudia, kliniki leo hii. Akasema, "Mimi sikukasirika. Daktari alisema kichwa chake kinataka utulivu, ndiyo maana nimefunga mdomo. Ila najua anakumbuka. Mtu aliyesahau hajifichi bafuni akisikia mlango wangu unafunguka."

Jioni alinipigia. Mmeonana na daktari, amekupima, fangasi hawajarudi, na vidonge vipya umepewa. Safari hii umeponea chupuchupu, usizoee.

Vidonge ni kila siku mpaka daktari, si wewe, aseme basi. Dawa za viungo ziache mikononi mwa daktari, usijinunulie tena. Kichwa kikiuma siku kadhaa, kukiwa na homa, kutapika, shingo kukaza, macho kuona ukungu au mtu kuropoka, ni hospitali siku hiyohiyo, awe ni wewe au binti yako, maana watoto nao huupata. Na ugonjwa huu hauambukizwi mtu kwa mtu, kwa hiyo usiutumie kama kisingizio cha kula peke yako chumbani.

Kuhusu mkwe: leo ukitoka kazini kaa karibu naye, sema, "Mama, nakumbuka kila neno. Nisamehe, na ahsante kwa uhai wangu." Ulimi ukitaka kuongeza "lakini", ung'ate.