Gemu za Kubofya Bila Wambura

Jumapili, saa tisa alasiri, Kamunyonge, hapa Musoma. Mvua imeingia kutoka ziwani tangu tulipotoka kanisani na haina dalili ya kukata. Nguo nilizofua jana zimejaa kwenye viti. Nimekaa na laptop mapajani, lakini mawazo yote yako Bunda kwa kaka yangu Wambura, ambaye ana mwaka sasa hazungumzi nami sawasawa.

Niliahidi humu kuandika kuhusu gemu, basi niandike. Wapo wanaonishangaa, mwanamke mzima, karani wa ofisi, anacheza gemu za kompyuta. Washangae tu. Ninazopenda mimi ni zile za visa: unatembea, unaokota vitu, unaongea na watu, unafumbua mafumbo. Za kupiga risasi sitaki hata kuzisikia.

Mwezi huu nimejaribu zile kubwa za kisasa. Picha zake ni nzuri, siwezi kukataa, majani unayaona yanavyoyumba kwa upepo. Lakini laptop yangu inaunguruma kama mashine ya kusaga, na juu ya skrini kuna mshale unaokuonyesha kila pa kwenda. Unaufuata kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nilimaliza moja kwa siku nne na sikumbuki jina la mtu hata mmoja.

Kuna za kuchagua. Hizo zinajua kuliza watu. Unapewa maneno matatu, unachagua la kusema, na mtu uliyemuumiza anakuwa na kinyongo nawe mpaka mwisho. Nililia mara mbili. Udhaifu wake niliugundua nilipocheza moja tena: nilichagua kila kitu kinyume, na bado nikaishia kwenye mlango uleule. Nikajiona nimepigwa changa la macho.

Halafu kuna za zamani, za kubofya. Hizi ndizo zangu, na ubovu wake naujua. Picha imesimama tu, unapitisha mausi kila kona kutafuta ufunguo mdogo kuliko punje ya mtama. Mafumbo mengine sijui aliyeyatunga alikuwa na homa. Moja ilinitaka nimpe mlinzi kiatu chenye asali ili asinzie. Na ukisahau kuokota kitu mwanzoni, unaweza kucheza siku tatu bila kuambiwa kwamba ulishakwama. Uzuri wake mkubwa ni mmoja: zinachezeka wawili. Hazina haraka. Mmoja anashika mausi, mwingine anashika daftari, mnabishana.

Mimi nilikuwaga wa daftari.

Wambura ndiye aliyeshika mausi. Amenizidi miaka miwili. Baba mdogo alituletea nyumbani Butiama kompyuta ya mtumba yenye gemu moja ndani, ya kisiwa chenye mnara wa taa na mzee anayeulinda. Haikuwa na maandishi chini, ni sauti tu, Kiingereza cha puani. Wambura alikuwa anasoma bweni Musoma, kwa hiyo yeye ndiye aliyeambulia kidogo. Anasikiliza, ananiambia, naandika. Yule mzee alimwigiza kwa sauti ya babu yetu, tena kwa lugha ya nyumbani, mpaka kalamu inanitoka mkononi kwa kucheka. Mama anaita kutoka jikoni, "Nyie, njooni mre!" na sisi hatuendi.

Mle, yaani. Lugha yetu haina L. Kiswahili chetu cha utotoni kilikuwa R mwanzo mwisho, na ukifika bweni mjini unachekwa mpaka ujifunze.

Likizo moja mzee wa mnara alitoa dokezo la kufungua ghala, neno moja la Kiingereza. Daftarini likaingia "rock". Jiwe. Na kisiwa kile kilikuwa na mawe kuliko Musoma yote. Tuliyabofya moja moja wiki mbili nzima, mpaka mausi ikaanza kukwama. Kumbe neno lilikuwa "lock". Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni muda wote, wala halikufungwa.

Sasa, mwaka jana Wambura alienda kutambulishwa kwa wakwe zake, kijiji cha jirani na Bunda. Nikapewa maikrofoni nimtambulishe kaka yangu. Nikasimulia kisa cha mawe. Nikaigiza jinsi L ilivyomshinda. Wambura ni mwalimu wa Kiingereza, basi watu walicheka mpaka bibi mmoja akapaliwa na soda. Nikaona nimeng'ara.

Mashemeji wakaanza kumwita Mwalimu Mawe. Kwenye grupu la familia, Mawe. Mtoto wa mmoja wao anasoma shule anayofundisha Wambura, jina likafika darasani. Siku moja mke wake aliniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, siku hizi akiandaa somo anarudiagarudiaga maneno peke yake chumbani, yale yenye L." Tangu hapo Wambura ananijibu "salama" na "sawa", basi. Bunda siyo mbali, lakini hajakanyaga kwangu.

Mimi nikasema ana moyo mwepesi. Utani gani huo wa kununiwa mwaka mzima?

Leo mchana nimeipata ile gemu ya kisiwa. Wameitengeneza upya, na safari hii ina maandishi chini. Nikafika kwa mzee. Akasema neno lake na herufi nne zikatokea, wazi kabisa. Hapo hapo nikaliona akilini daftari letu la zamani. Mwandiko ulikuwa wangu. R kubwa ya kujivunia, na juu yake L ya wino mwekundu, aliyoiandika Wambura baada ya wiki mbili bila kusema kitu.

Alikuwa ameniambia vizuri. L alishaijua huko bwenini. Mimi ndiye sikuisikia.

Na baba mdogo alipouliza nani katupotezea likizo nzima, Wambura alijibu, "Ni mimi, baba." Mwaka uliofuata nilikuwa naenda bweni, na niliogopa kuchekwa kuliko kitu chochote. Alilijua hilo. Nikamwachia abebe lawama. Nimekisimulia kisa hiki kama chake miaka yote mpaka nikakiamini, halafu nikambebesha tena mbele ya wakwe zake, na yeye akainamisha kichwa, akatabasamu. Angeweza kuniumbua kwa sentensi moja.

Naandika huku nalia, sioni haya kusema.

Nimeandika kwenye grupu, lile lile lililolilea jina hilo: "Shikamooni wazee, habari za Jumapili mashemeji. Kile kisa cha mawe nilikisema uongo. Aliyekosea ni mimi. Kaka alisema sawasawa tangu mwanzo, akanifichia aibu yangu, na mimi nikaja kumvisha yeye mbele yenu. Naomba jina hilo mniite mimi."

Shemeji mmoja kaweka kicheko. Mwingine kaandika, "Haya, karibu Dada Mawe." Sawa, ni haki yangu. Kisha juu ya skrini nikaona Wambura anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha.

Baada ya muda ujumbe ukaingia, lakini ni wa mke wake. "Wifi, kasoma mara mbili. Ametoka nje, simu kaiacha mezani. Na huku kwetu mvua inanyesha."

Sijui ametoka kwa hasira au ametoka ili machozi yake yasionekane. Jumamosi naenda Bunda. Kukiri kwenye simu bado ni kujificha. Nataka anitazame usoni nikikiri, mbele ya mke wake, na kama mashemeji watakuwepo, mbele yao pia.

Rudi ndani, kaka. Utalowa.